Mbayuwayu Aliyekatwa Mkia

Halle, 6 Machi 1960

Baba,

Usishtuke kupata barua isiyo ya Krismasi. Hakuna aliyekufa.

Nimehamishiwa kitengo kipya katika idara ya majaribio ya reli, na juzi mkuu wangu aliniwekea mezani rundo la michoro ya mwaka 1938, imejaa vumbi na madoa ya maji. Nikafungua wa kwanza. Kwenye kona ya chini pana saini ambayo ningeitambua hata gizani: L. Wiegand, ile W yako yenye miguu mirefu kama korongo. Mkuu akaniuliza, "Vipi, Wiegand, umeona mzimu?" Nikamwambia, "Hapana, nimemwona baba yangu."

Ni Mbayuwayu, Baba, ile injini yako ya mvuke. Yupo. Vita haikummaliza. Alikuwa Dresden miaka yote hii, nyuma ya karakana. Walimtumia kidogo kwa treni za kawaida, madereva wakamkataa, wakamsukuma pembeni. Ile rangi ya zambarau uliyonisimulia nilipokuwa mdogo imebaki kwenye kingo za milango tu. Magurudumu bado ni marefu kuliko mimi.

Sasa anatakiwa tena. Viwanda vyetu vinaunda mabehewa ya abiria ya kuuzwa nje, na wanunuzi wanataka yajaribiwe kwa mwendo mkali kabla hawajayachukua. Nchi nzima haina injini nyingine inayoweza kukimbia hivyo. Kwa hiyo atajengwa upya, na mimi nimo miongoni mwa watakaompima.

Nina swali moja la kazi. Kwa nini hutikisika akishaenda mbali? Madereva wa Dresden wanasema anaanza safari vizuri, ila baadaye anakuwa kama mlevi.

Mama hajambo. Hakutumi salamu, lakini hakunikataza kuandika.

Roswitha


Kassel, 15 Machi 1960

Rosi mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama ukumbini na koti mwilini. Bi Liesbeth alidhani nimepata habari ya msiba, akaniletea kiti.

Yupo! Mimi nilikuwa na hakika walishamyeyusha zamani akawa masufuria. Unajua hakuwahi hata siku moja kuvuta mabehewa yake mwenyewe? Tuliwachora pamoja, injini na mabehewa, kama bibi harusi na gauni lake. Akatoka kiwandani mwaka ule ule vita ilipoanza, na toka siku hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya watu kufika Dresden mapema.

Kuhusu swali lako: anabeba makaa na maji yake mgongoni mwake mwenyewe, havuti behewa la makaa nyuma yake. Ndiyo siri ya uzuri wake, anaweza kukimbia mbele au nyuma bila kugeuzwa. Maji yakipungua, uzito juu ya magurudumu unapungua. Dereva mzuri anajua kulea hali hiyo. Waambie watafute dereva mzuri, wasimguse.

Sasa nisikilize. Huku Magharibi kuna kazi kwa mhandisi kama wewe, na mshahara wa maana. Chumba cha nyuma ni kitupu. Una miaka thelathini, unapima injini ya zamani ya baba yako katika nchi ambayo kahawa mpaka nikutumie mimi. Unangoja nini?

Nimeweka na soseji ya hapa kwetu. Mwonjeshe na mama yako, ila usimwambie imetoka kwa nani.

Baba yako,
Ludolf


Halle, 20 Novemba 1960

Baba,

Soseji ilifika. Mama alikula vipande vitatu, kisha akasema, "Huyo mwanaume hajui kununua soseji, imejaa vitunguu saumu." Kwa hiyo alijua.

Naomba usiandike tena habari za kazi za huko. Barua zetu zina wasomaji wengi kuliko unavyodhani. Na jibu langu ni lile lile, siondoki. Nina kazi hapa.

Kuhusu Mbayuwayu, ni afadhali ulisikie kutoka kwangu. Tumemkata. Sehemu yote ya nyuma, iliyobeba makaa na maji, imeondolewa. Atavuta behewa lake la makaa kama injini nyingine zote, na amepewa boila kubwa zaidi na silinda moja kutoka injini nyingine iliyovunjwa. Fremu ya mbele na magurudumu ni yale yale.

Usikasirike. Nilipiga hesabu zako zote upya, Baba. Hakuna dereva wa kuilea hali ile. Akifika nusu ya safari anaelea. Injini nzuri isiyoweza kumaliza safari si injini nzuri.

Roswitha


Kassel, 4 Desemba 1960

Roswitha,

Mmemkata mbayuwayu mkia, halafu unaniandikia nisikasirike.

Nilidhani unakaa huko kwa sababu ya mama yako. Sasa naona ni kwa ajili ya kupata nafasi ya kumsahihisha baba yako kwa msumeno. Hongera.

Krismasi njema.

L. Wiegand


Halle, 17 Januari 1961

Ludolf,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo usinicheke. Wa kulia umelala tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nilipata kiharusi nikiwa namenya viazi. Mguu nao unajivuta, ila mdomo, namshukuru Mungu, uko salama, na watu wote wa jengo hili watakuthibitishia.

Roswitha hakukuambia kwa sababu nilimwapisha. Sikutaka unihurumie ukiwa umekaa na Liesbeth wako, mnakunywa kahawa halisi.

Lakini ile barua yako ya Desemba ameisoma akiwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, na alipomaliza aliikunja ikawa ndogo kama stempu. Kwa hiyo sasa naivunja amri yangu mwenyewe. Mtoto hakai huku kwa ajili ya injini, Ludolf. Anakaa kwa sababu kila asubuhi mtu lazima anivishe soksi. Anajidai ni injini ili nisijione mzigo, nami najidai namwamini ili asijione mfungwa. Tunaishi vizuri tu.

Wewe endelea kumwandikia habari za injini. Ndiyo heshima yake aliyobaki nayo. Na usimwambie kwamba nimekuambia.

Barua hii ameitia posta Bi Mutschke wa jirani. Anakusalimu, ingawa hakujui.

Elfriede


Kassel, 2 Februari 1961

Rosi wangu,

Nilikuandikia vibaya mwezi Desemba. Isahau ile barua kama unaweza.

Nimefikiri sana kuhusu mkia wa Mbayuwayu. Nimechukua penseli, nikapiga hesabu zako kutoka mwanzo, siku mbili mezani, Bi Liesbeth akinizunguka na sahani. Unayosema ni kweli. Tulipokuwa tunamchora, tulikuwa tunachora safari fupi na reli mpya, na watu wa kututazama. Hatukumchora kwa ajili ya maisha marefu. Wewe unamchora kwa maisha marefu.

Niandikie kila kitu. Behewa la makaa limefungwaje? Silinda ile ngeni mmeifunga wapi? Na rangi? Tafadhali isiwe nyeusi.

Kazi kama hiyo mtu haiachi katikati, naelewa. Kaa nayo mpaka uimalize.

Kahawa nimeweka pakiti mbili safari hii, na siagi ya kopo, na soksi za sufu za mwanamke. Kama hazikutoshi wewe, labda zitamtosha mtu mwingine hapo nyumbani. Ni laini, zinavalika kwa urahisi.

Baba


Halle, 18 Juni 1961

Baba!

Amekimbia!

Ni kijani. Kijani cha majani ya Mei, na mstari mweupe ubavuni. Asubuhi wafanyakazi wote wa karakana walitoka nje kumwona akisogea, hata wapishi wa kantini na miiko yao mkononi. Dereva wetu ni Mzee Oehme, mtu mnene mwenye masharubu kama brashi ya viatu, aliyewahi kumwendesha Dresden wakati ule wa kutikisika. Kabla ya kuondoka alinifuata kwenye behewa la vipimo.

"Binti, ni kweli baba yako ndiye aliyechora magurudumu haya?"

"Ni kweli."

"Basi mwandikie kwamba mgongo wangu unamdai msamaha."

Tukatoka. Nilikuwa nimezikodolea macho sindano za vipimo kwa hofu. Zilipanda, zikapanda, nikangoja ile mitetemeko ya kilevi ianze. Tukapita kilomita mia na ishirini kwa saa, tukapita mia na arobaini, sindano zikachora mstari kama umepigwa kwa rula. Tulipovuka mia na sitini, mwenzangu mmoja akaanza kuimba, tukamnyamazisha kwa sababu tulitaka kusikia chuma. Baba, kilikuwa kinaimba chenyewe. Tuliposimama, Mzee Oehme alishuka, akampiga Mbayuwayu kofi la ubavuni kama ng'ombe, akaniambia, "Mgongo umesamehe."

Sasa habari nyingine. Nimepewa likizo. Wiki ya tarehe 10 Agosti nitakuwa Berlin kwa shangazi Hedwig. Mtu akitimiza miaka sitini na mitano si kitu kidogo, kwa hiyo keki yako usiile yote.

Roswitha


Halle, 9 Julai 1961

Ludolf,

Atakuja kwenye keki yako. Wazo ni langu. Ilinichukua wiki tatu kumshawishi na ilibidi nijifanye mkali.

Bi Mutschke ameahidi kunivisha soksi. Ana mikono mikubwa lakini roho nzuri. Jioni tutacheza karata.

Akishakula keki, usiwe na haraka ya kumtafutia treni ya kurudi. Msichana amechoka. Ana nywele nyeupe sita, nimezihesabu akiwa ameinama kunifunga viatu.

Elfriede


Kassel, 21 Julai 1961

Elfriede,

Nimeisoma barua yako mpaka nimeikariri. Umenielewesha, nami nakuambia hapana.

Mara ya mwisho nilikuona kwenye stesheni ya hapa, mji ukiwa bado unafuka moshi wa mabomu, wewe na mtoto mmebeba begi moja. Nilisema nitawafuata. Kisha ukaja mpaka, ikaja njaa, akaja Liesbeth. Sitoi udhuru. Nilikuacha mara moja, na wewe hukunifukuza wala hukunitukana, uliacha kuniandikia tu. Sasa unaniletea mtoto kwa mkono wako uliobaki unaniambia, mchukue na huyu. Mimi si mtu mwema, lakini hapo sifiki.

Nitamzuia mwaka huu, wewe upate nguvu kidogo. Mwaka ujao tutapanga vizuri, labda na wewe uje. Kuna haraka gani? Treni za Berlin zipo kila siku, na huko mtu anavuka kuja Magharibi kwa miguu.

Usimwambie sababu. Akijua, atakuja kwa hasira ili tu kunionyesha kwamba hapangiwi.

Ludolf


Kassel, 22 Julai 1961

Rosi,

Pole sana, mpango wangu umebadilika. Bi Liesbeth ana dada yake kule milimani kusini, na amenilazimisha tusherehekee huko. Nyumba itafungwa mwezi wote wa Agosti. Ukifika hutamkuta mtu, na huko kwa dada yake nafasi hakuna.

Tutaonana wakati mwingine. Likizo yako pumzika nyumbani.

Nimefurahi sana kuhusu Mbayuwayu.

Baba


Halle, 20 Agosti 1961

Baba,

Bila shaka redio ya huko milimani imekuambia. Berlin imefungwa kwa seng'enge tangu Jumapili iliyopita, na sasa wanapanga matofali.

Tarehe 12, siku ya mwisho ya kuvuka, nilikuwa hapa nyumbani, nikifua mashuka.

Natumai keki ilikuwa tamu.

R.


Kassel, 18 Desemba 1961

Mwanangu,

Kifurushi cha Novemba kimerudishwa. Mwandiko ulioandika "arudishiwe mtumaji" si wa karani wa posta. Nakujua tangu ulipokuwa unaandika R yako kinyumenyume.

Sina la kujitetea. Kahawa nimeituma kwa jina la Bi Mutschke, iwe ya mama yako. Hiyo tafadhali usiirudishe.

Baba


Halle, 9 Septemba 1962

Baba,

Barua hii haipiti posta. Anakuletea mfanyabiashara wa Kassel aliyekuja kwenye maonyesho ya Leipzig. Nimemwomba tu, sijui hata kama atakumbuka. Akikumbuka, mpe kahawa.

Mama amefariki tarehe 21 Agosti. Kiharusi cha pili, alfajiri, bila maumivu. Samahani kwa kutokukupigia simu ya maandishi. Nilikuwa bado sisemi nawe.

Siku tatu kabla ya hapo aliniambia. Nilikuwa namvisha zile soksi zako za sufu. Akasema, "Hizi ni zake. Na Agosti ile pia ilikuwa yake. Hakwenda milimani kokote, Liesbeth hana hata dada." Akanieleza yote, alichokuandikia na ulichomjibu. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza mwaka mzima, nikiwa nakuchukia hapo mbele ya macho yake. Akasema, "Kwa sababu nilifurahi ulipobaki. Nilikufukuza kwa mdomo, lakini baba yako alipokuzuia, nililala usingizi mzito. Nilikuwa naona haya kukuambia."

Nilitoka nje nikatembea mpaka mtoni na kurudi. Sikujua nimkasirikie nani. Mama alinisukuma kutoka, wewe ukanishikia mlango kwa nje, na hakuna hata mmoja aliyegeuka akauliza, "Rosi, wewe unataka nini?" Mlinifanyia kama wewe na wenzako mlivyofanya na injini, mkakaa na penseli zenu na hesabu zenu za mapenzi.

Sasa nakuambia nilichokitaka, ili ukijue, halafu tusikirudie. Begi langu la kwenda kwenye keki yako lilikuwa limeshafungwa siku ile barua yako ilipofika. Ndani yake kulikuwa na vyeti vyangu vya chuo, na koti la baridi. Mwezi wa Agosti, Baba. Mama aliliona. Alinisaidia kufunga zipu kwa mkono wa kushoto.

Ningekwenda. Ningemwacha na Bi Mutschke nikaenda, na leo ningekuwa Kassel, na Mama angekufa akichezeshwa karata na jirani. Kuna siku nakushukuru, na siku nyingine siwezi kutamka jina lako. Mara nyingi ni siku hiyo hiyo moja. Sidhani itabadilika, na naona ni afadhali ujue hivyo kuliko nikuandikie uongo mwingine. Uongo umekuwepo wa kutosha katika familia hii.

Mwezi Machi kuna maonyesho tena. Watu wa huko wanapewa kibali cha kuja bila taabu. Mbayuwayu atavuta treni ya wageni kutoka Halle mpaka Leipzig. Nitakuwa na tiketi mbili.

Roswitha


Kassel, 17 Machi 1963

Rosi,

Nimefika salama. Mpakani walifungua mkoba wangu, wakaona lile jani la kijani kutoka kaburini kwa mama yako, wakaniuliza ni kitu gani. Nikasema jani. Wakaandika: jani.

Nataka kukuandikia nilichoshindwa kukisema, kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa mzito siku zote tatu.

Nilipomwona Mbayuwayu pale stesheni sikumtambua. Nilikuwa natafuta kitu nilichokichora, na mbele yangu alisimama mnyama mwingine kabisa, mrefu, wa kijani, anapumua. Nikamwendea kama mtu anayekwenda kwa mgeni. Nilipofika kwenye magurudumu, hapo ndipo nilipomjua. Nikaweka kiganja juu ya chuma, na yule Mzee Oehme akachungulia dirishani.

"We mzee, mkono! Utaungua!"

Ukamwambia mimi ni nani. Akavua kofia, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Ndiye huyu? Nilimdhania mrefu zaidi." Ukacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chako tangu ulipokuwa msichana wa shule.

Ndani ya treni kulijaa wafanyabiashara na mabegi yao, na sisi tulipata viti viwili vya dirishani. Ukatoa saa ya kupimia mwendo kutoka mfukoni ukaanza kusoma nguzo za kilomita, siku yako ya mapumziko, kana kwamba mkuu wako alikuwa amekukalia begani. Nikaona pembeni mwa uso wako ule mkunjo wa mama yako anapohesabu mishono. Treni ikakaza mwendo. Nilingoja mtikisiko. Nilikuwa nimeungoja miaka ishirini na minne, nilijua ungeanzia wapi katika mwili wangu, hapa chini ya mbavu. Haukuja. Mashamba yakapita, mtu mmoja mbele yetu alikuwa amelala, mdomo wazi.

Hapo nikainuka. Nilikuwa nimejiandaa tangu Kassel. Nilisimama mbele yako, nikashika chuma cha rafu ya mizigo, nikasema, "Rosi, kuhusu Agosti ile, naomba…"

Nawe, bila kuinua macho kutoka kwenye saa yako, ukasema, "Baba, kaa chini. Unanizibia nguzo."

Nikakaa. Ukasogea kidogo kunipa nafasi, na bega lako likabaki limegusana na langu, hukuliondoa.

Baba yako,
Ludolf